Siku Mama Alipoambiwa Afike

Iliki ikitwangwa, hata kama ni nyumba ya jirani, mimi huiona mvua. Wengine huona sikukuu na chai ya asubuhi. Mimi naona baiskeli moja yenye watu watatu, gauni limenigandia mapajani, na mama yangu amenuna juu ya keria. Hebu niwasimulie ninyi, maana wanangu wameichoka habari hii na hunijibu kwa Kiswidi kwamba wameshaisikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Rinkeby, pembezoni mwa jiji la Stockholm, majengo bado yananuka rangi mbichi na treni ya chini ya ardhi haijafika kwetu. Baba alikuwa ameletwa Stockholm kusomea ufundi wa umeme, na mimi na mama tukamfuata kutoka Tanga katikati ya baridi kali. Nilikuwa na miaka sita. Mama alizoea nyumba ambayo mgeni huingia huku hodi bado iko mdomoni, na hapa miezi ikapita bila mtu kugonga mlango. Jirani akikutana naye kwenye lifti alimtikisia kichwa, basi.

"Baridi nitaizoea," alimwambia baba, nami nikisikiliza chini ya meza. "Lakini kukaa kama mgonjwa aliyetengwa, hilo siliwezi."

Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi ule mama angerudi Tanga, nami ningekwenda naye. Baba angebaki peke yake mpaka amalize masomo. Baba yangu nilimpenda kupita kiasi, nikaanza kumfuata chumba hadi chumba kama mkia.

Baba akaomba siku moja tu amwonyeshe mama mji, kwa kuwa tangu aje hakuwa ameona zaidi ya duka na ofisi za serikali. Akaazima baiskeli kwa mwenzake wa darasani aliyekaa katikati ya jiji, na Jumamosi moja tukapanda basi kuifuata. Mvua ilianza kabla hatujashuka.

Mtu mwingine angeghairi. Baba alinipakia mbele kwenye bomba, mama akakaa ubavu nyuma kama wakaavyo wanawake wa kwetu, kajifunga kanga juu ya koti, kashika mwavuli mmoja wa kutufunika sote. Mwavuli ulimfunika yeye. Waswidi, ambao kwa kawaida hawamkodolei mtu macho, siku hiyo walitukodolea.

"Lile pale kasri la mfalme," baba akasema, akihema.

"Mwenyewe kafunga madirisha," mama akajibu. "Kaiona mvua, ana akili zake."

Tukapita vichochoro vya mji mkongwe, mawe yakitutikisa hadi meno yakagongana. Tukaonyeshwa mnara wenye mataji matatu ya dhahabu, ila mataji yenyewe yalikuwa yamemezwa na mawingu. Kwa kila kitu mama alisema, "Nimeona," kwa sauti ya mtu anayefunga sanduku. Baba akazidi kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyojua kwamba tunashindwa. Nililia, lakini kwa mvua ile hakuna aliyetambua.

Tulivuka daraja kwenda upande wa kusini. Huko kulikuwa na mteremko wa bustani ndogondogo, kila moja na kijumba chake cha mbao, na baba akashuka asukume. Hapo ndipo harufu ilipotujia. Iliki, pamoja na unga na sukari, ya motomoto, katikati ya mvua ile.

Mama akaruka kutoka kwenye keria. "Baba Zuhura, kuna mtu anapika maandazi!"

Kwenye kibaraza kimoja bibi mwenye mvi alikuwa akitandika meza. Akageuka, akapaza sauti kuelekea nyuma ya kijumba. Yalikuwa maneno ya Kiswidi, lakini la mwisho lilisikika wazi kabisa: "Fika!"

Uso wa mama ukakunjuka. "Umesikia? Anasema tufike!"

"Mama Zuhura, ngoja kwanza..."

Angengoja nini? Alikwisha sukuma geti. "Hodi, mama! Tumefika, tumefika, ahsante sana!" Akakunja mwavuli, akavua viatu, akapanda kibarazani.

Bibi akabaki na sahani mkononi. Mzee mwenye mabuti ya mpira akatokea nyuma ya nyumba na koleo lake, akasimama. Baba akaingia mbio, kofia mkononi, akasema jambo kwa Kiswidi, taratibu. Bibi akamtazama mama, aliyekuwa akichuruzika maji na kutabasamu kama sikuwahi kumwona tangu tuje. Akajibu kwa ufupi, akaingia ndani, akatoka na vikombe vingine.

Tukala vimkate vya iliki vilivyosukwa kama ukili wa mkeka. Mama akasema kwa Kiswahili kwamba sukari imezidi. Bibi akajibu kwa Kiswidi. Wakaelewana wanavyojua wao, hadi mama akawa anaosha vyombo. Jumamosi iliyofuata akafika tena, na iliyofuata, na safari ya Tanga haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nilipoanza shule ndipo nilipojua kwamba *fika* kwa Waswidi ni kukaa kunywa kahawa na kitafunio. Bibi alikuwa akimwita mumewe. Baba, aliyefanya hivyo na wanafunzi wenzake kila siku, alilijua tangu getini.

Nimeishi katika mji huu miaka mingi sasa. Najua hapa hata ndugu haendi kwa nduguye bila kupiga simu kwanza, kwa hiyo najua wazee wale walitufanyia nini. Nimekua na baba yangu nyumbani kwa sababu yao, na sijui niwashukuruje.

Nilimwuliza baba, nami nimekwisha kuwa mtu mzima, alimwambia nini yule bibi.

"Nilimwambia mke wangu amesikia anakaribishwa, kwamba kwetu hilo ndilo neno la kumwita mtu nyumbani."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, basi nimemkaribisha."