Jiko Lisilotoa Moshi

Miaka ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima karibu na Usoke, na wataalamu walitupenda kuliko tulivyojipenda. Siku moja walishuka watatu kwenye Landrova: mhandisi, daktari na bingwa wa elimu. Wakamjengea mama niliyekaa kwake jiko la udongo lisilotoa moshi, refu hadi kiunoni. Mhandisi alipima kila kitu, hata upepo. Kitu ambacho hakupima ni ugali. Kwetu mpishi huketi kwenye kigoda, akabana chungu kwa mguu, akasonga kwa nguvu zake zote. Sasa huo mguu aupandishe kiunoni?

Wiki haikuisha, mama akarudi kwenye mafiga yake. Jiko likapata mpangaji: kuku, akaatamia humo.

Wataalamu waliporudi kufanya tathmini, mama alimhamisha kuku haraka akawasha vijiti viwili. Bingwa wa elimu akaniagiza nimuulize kama jiko linamfaa.

"Linanifaa sana, baba," mama akajibu, maana mgeni wa mbali havunjwi moyo. Nami nikaijaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri. Daktari akaandika kwamba macho ya mama, yaliyokuwa yakiumwa kwa moshi, yamepona. Kisha wakala ugali uliopikwa uani kwenye mafiga, wakalisifu jiko.

Haukupita muda wakaleta mafundi: kila nyumba ijengewe lake.

Mama akanivuta pembeni. "Mwalimu," akasema, "kuku wote hao tutawatoa wapi?"