Nitajie Jina la Aliyekukataza

Nyinyi vijana mnaosema mna wazo la biashara, kaeni vizuri mnisikilize. Aliyekwisha kufungua duka lake na aendelee na kazi, simwandikii yeye. Nakuandikia wewe mwenye jambo kichwani mwaka wa pili sasa, na kila ukiulizwa unajibu kwamba unajipanga. Mwanangu, unajipanga nini? Hata watoto wa shule hujipanga mstarini asubuhi, kisha wakaingia darasani.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Nitakusimulia habari ya bakuli moja la matobolwa nililolificha chini ya kitanda, mchana kweupe, ndani ya chumba changu mwenyewe hapa Kanyenye, Tabora.

Kama hukuzaliwa huku, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu. Ukitafuna, utamu unakuja polepole. Kwetu Usinge kila nyumba inayo, na mgeni akija anapewa bure. Nani angeuza? Na mjini nani angekubali kuonekana anakula? Wakati ule mtu wa mjini alikula mkate na maandazi. Matobolwa yalikuwa chakula cha watu waliotoka porini jana.

Nilikuwa kijana, mjane wa mtu wa reli, nina watoto wawili, Tabitha na mdogo wake. Baada ya matanga shemeji yangu, kaka wa marehemu, aliniambia mbele ya wazee, "Shemeji, kaa mjini mpaka mvua za kwanza. Ukiona unaweza kujilisha wewe na watoto, sawa. Ukiona huwezi, nakuja kuwachukua." Hakuwa mtu mbaya. Lakini nilijua maana yake. Ningekwenda kijijini kuishi nyuma ya nyumba ya mke wake, nikiomba chumvi, na Tabitha angeacha shule. Kwa hiyo kiangazi kile chote nilikuwa nikitazama mawingu kama mtu anayetazama barabara anayotokea adui.

Nikauza maandazi stesheni. Treni ya Kigoma ikifika, tulikuwa wanawake kama ishirini, kila mmoja na beseni lake la maandazi, yote rangi moja, yote ukubwa mmoja. Abiria alinunua kwa aliyefika kwanza dirishani. Mimi sikuwa na mbio. Nilirudi nyumbani na beseni lenye uzito uleule niliokwenda nao, na watoto wakala maandazi ya jana mpaka wakayachukia.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitumia gunia la matobolwa kwa treni kutoka Usinge. Hayo ndiyo tuliyokula. Lakini kwa kuficha. Nilifunga mlango kwanza, ndipo nikatoa bakuli.

Siku hiyo mlango haukufungwa vizuri. Aliingia Bi Salma, mama wa Kiarabu mwenye nyumba tuliyopanga. Ukoo wake ulikuwa umefanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, na yeye hakuwa mtu wa kusubiri kukaribishwa. Mimi, kusikia kandambili zake, nikasukuma bakuli chini ya kitanda.

"Shikamoo Bi Salma."

"Marahaba. Mmeficha nini? Nyama ya wizi?"

Tabitha mashavu yamejaa. Bi Salma akainama, na magoti yake yale ya shida, akalivuta bakuli mwenyewe. Akachukua kipande, akatafuna. Akakaa kitandani. Akachukua cha pili.

"Nimekula haya mara ya mwisho bibi yangu akiwa hai," akasema. "Una mengi?"

"Gunia zima."

"Na unalia maandazi hayanunuliki! Mbona huyauzi haya?"

"Aa, Bi Salma, haya hayauzwi. Watu hawawezi kununua."

"Watu gani?"

"Watu wa mjini."

"Nitajie jina."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa akitania.

"Nitajie jina la mtu mmoja uliyempelekea matobolwa akakwambia sitaki. Mmoja tu, mama Tabitha. Mwanamume, mwanamke, mtoto, yeyote."

Nikafikiri. Mwanangu, nilifikiri kweli. Sikupata hata mmoja.

"Babu zako," akaniambia, "walibeba mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Unadhani njiani walikaangiwa maandazi? Bibi yangu alikuwa akisema Waarabu wenyewe, chakula kikiwaishia, waliwaomba wapagazi matobolwa. Leo wewe unayaficha chini ya kitanda. Kesho nenda nayo stesheni."

Nikaenda nayo. Lakini sikiliza ujinga wangu, maana hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio. Niliyaweka chini ya beseni, nikatandika kitambaa, juu nikapanga maandazi. Treni ikaingia. Mzee mmoja wa Kisukuma akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hicho chini ya kitambaa ni nini? Nasikia harufu ya matobolwa."

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Hicho ni chakula changu, mzee, si cha kuuza." Mnunuzi wa kwanza wa maisha yangu, ameniita mwenyewe, nikamkatalia. Kwa aibu! Treni ikaondoka naye, anaendelea kuniangalia.

Nyumbani Bi Salma alikuwa mlangoni. "Wameyanunua?"

"Hawakutaka," nikasema.

"Jina?"

Nikaanza kutafuta uongo, nao ukanikwama. Nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, na hii iliniuma kuliko matusi: "Basi jina tumelipata. Aliyekataa ni wewe. Mzee wa watu hana kosa, na mji hauna kosa. Shemeji yako akija kukuchukua, usimwambie umeshindwa biashara. Mwambie hukuifanya."

Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Sikwenda kumwomba radhi. Nilikwenda kuosha beseni. Treni iliyofuata nilikwenda bila andazi hata moja. Matobolwa matupu, yamejaa, wazi, nikapaza sauti: "Matobolwa! Matobolwa ya Usinge!"

Wenzangu walikufa kwa kicheko. "Jamani, mama Tabitha katuletea njaa ya kijijini!" Mwingine akasema, "Usisahau kuwauzia na jembe!" Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini miguu ilikuwa imekwishafika dirishani, na mikono ya watu ilikuwa nje. Walionunua hawakuwa wengi. Walikuwepo, basi. Mama mmoja alinishika mkono akasema hajayaona tangu aolewe Kigoma.

Usidhani hadithi imeishia hapo kwa vigelegele. Siku ya tatu nikapata mtu wa kunikataa kweli. Muuguzi wa hospitali ya Kitete, aliyekuwa amemsindikiza ndugu yake, alitafuna kipande, akakitema kwenye leso.

"Dada, matobolwa yako yana mchanga. Siwezi kumpa mtu hiki."

Wenzangu wakaangua kicheko tena. Nami nikaona haya, lakini safari hii haya ya namna nyingine. Nilimwuliza, "Unaitwa nani?" Akashangaa. "Yustina." Nikamwambia, "Asante, Yustina. Wiki ijayo nitakuletea mengine hapo Kitete."

Maana alikuwa amesema kweli. Kwetu tulianika juu ya mwamba, na upepo wa kiangazi unapuliza vumbi. Sisi tuliozoea tunakung'uta tu tunatafuna. Nikapanda treni mpaka Usinge, nikakata miti, nikajenga kichanja kirefu cha kufika kifuani, nikatandika mikeka safi. Mama akasimama pembeni, mikono kiunoni. "Mjini wamekufundisha kuogopa mchanga?" Nikamwambia, "Si mjini, mama. Ni Yustina." Akacheka, lakini akanisaidia kuanika.

Yustina nilimpelekea kama nilivyoahidi. Alitafuna taratibu, anasikilizia meno yake. Kisha akaniita ndani, akawaita wauguzi wenzake.

Mvua za kwanza zilipoanguka, shemeji alishuka kwenye treni ya Kigoma na kamba mbili za kufungia mizigo yangu. Alinikuta stesheni, beseni kichwani, sina hata nafasi ya kumsalimia vizuri. Akasubiri mpaka treni ikaondoka.

"Shemeji, nimekuja kuwachukua."

"Umefanya vizuri kuja na kamba," nikamwambia. "Yako magunia matupu nyumbani. Yafunge, yapeleke Usinge, mwambie mama nataka yarudi yamejaa. Na wewe ukilima viazi, nitachukua vyako pia."

Akanitazama, akalitazama beseni. "Watu wananunua haya?"

Nusura nimwombe naye anitajie jina.

Sasa mwanangu, nakupa nasaha yangu bila kuipamba. Yapo makatazo ya aina mbili. Lipo la mtu mwenye jina, aliyeonja kitu chako akasema hapana. Huyo mfuate, mwulize kwa nini, maana amekupa kazi ya kufanya. Mimi kichanja changu nilijengewa na Yustina, ingawa hakushika mti hata mmoja. Na lipo katazo lisilo na mwenyewe: "watu watasema," "mjini hawanunui," "mtoto wa kike hawezi," "mimi na darasa la nne langu." Ukilichunguza, sauti ni yako. Hilo usilibembeleze. Toka nje ukaulize. Utaona haya, ndiyo. Haya haiui, nimeijaribu. Na ukikataliwa na wa kwanza, umekataliwa na mmoja, usirudi nyumbani kusema umekataliwa na Tabora nzima.

Mungu akupe miguu ya kwenda kuuliza, akupe kifua cha kusikia hapana ukiwa umesimama, na mikono yako isikose cha kushika. Uzae matunda, nawe uwalishe wengine.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Neema, mtoto wa Tabitha. Anakausha uyoga wa porini vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na umekaa kwenye ndoo jikoni kwangu tangu mvua zilipoisha. Juzi mezani akasema wenye mahoteli hawawezi kuuchukua, wanataka vitu vya kutoka nje. Nikamwuliza hoteli gani. Akainamia sahani.

Niliweka kijiko chini, nikawaambia wote waliokuwepo, wakubwa kwa wadogo: "Kuanzia leo, ndani ya nyumba hii, atakayesema watu hawataki ataje jina la mtu na siku aliyomwuliza. Asiye na jina hali hapa mchana. Neema, acha sahani. Vaa viatu, chukua ndoo, nenda."