Chomoa Waya Kwanza, Ndipo Ujisifu

Mwanangu, iko siku moja kule ziwani, pale Kipili, ambayo nikiikumbuka masikio yanapata moto, halafu hapo hapo najikuta nacheka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na saba, kichwa kimenijaa majivuno, nafanya kazi kwenye karakana yetu hapa Majengo, Sumbawanga. Kazi yangu ndiyo hii unayojifunza wewe: kuiambia Linux, programu inayoendesha bodi ya kompyuta, ndani kabisa kwenye kiini chake, kerneli, kila pini, yaani kila mguu wa bodi unaopitisha umeme, ifanye nini ikiwa macho na ifanye nini ikilala.

Tulikuwa tumetengeneza kisanduku cha kulinda friji za chanjo. Zahanati ya Kipili ilikuwa na sola na betri ndogo, kwa hiyo kisanduku kilitakiwa kulala muda wote, kiamke pale tu friji inapopata joto, kimtumie nesi ujumbe. Nilikijaribu mezani mara nyingi mno. Kinalala, kinaamka. We! Nilitamba karakana nzima, wenzangu wakanichoka.

Siku ya nne tangu nikifunge kule, nesi mkuu wa zahanati, Mama Kapele, akanipigia simu. Waya wa sola ulilegea, friji ikapata joto, kisanduku kimya. Yeye hakuwa mtu wa kuamini vitu vipya haraka. Bado alikuwa anasoma kipimajoto chake cha zamani asubuhi na jioni. Ndiyo maana aliwahi kuhamishia chanjo kwenye kasha la barafu. Friji walishaitengeneza. Lakini kesho yake alikuwa anakwenda visiwani kuchanja watoto, siku mbili, na chanjo zilizobaki zingelindwa na kisanduku changu peke yake.

Nikateremka ziwani, kwenye joto, na koti langu la baridi ya Sumbawanga, jasho linanitoka. Nikamwamkia shikamoo, nikachomeka waya wa kompyuta yangu, nikapasha moto kihisi, kile kipande chake kinachopima joto. Kikaamka palepale, ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Unaona, Mama? Kizima. Labda ninyi mlikigusa."

Mama Kapele akanitazama. "Chomoa huo waya wako."

Nikachomoa. Kisanduku kikalala. Akakifumbata kihisi kiganjani mwake, tukangoja. Kimya. Tukangoja tena. Kimya kabisa.

"Sasa mwanangu," akasema taratibu, "mimi nikienda visiwani, na wewe utabaki hapa umechomeka waya? Na hiyo labda yako usiniletee. Hapa hakuna aliyekigusa. Sema umekosea, halafu ukae utengeneze."

Lo, niliona aibu! Nikasema, "Nimekosea, Mama." Akanivutia kiti, akaniletea chai.

Kosa lilikuwa hivi. Faili la pini nililinakili kutoka bodi nyingine. Pini ya kuamsha, ile inayosikiliza kihisi, niliiandikia kazi yake ikiwa macho tu; ya usingizini nikaiacha wazi. Bodi ikilala, pini ile inakosa umeme, haisikii chochote. Mezani sikuligundua kwa sababu waya wa kompyuta ulikuwa unapenyeza umeme kidogo kwenye bodi, unaishikilia. Nilikuwa najaribu kwa msaada ambao kisanduku cha Kipili hakingekuwa nao kamwe.

Nikaongeza mistari michache: bodi ikilala, pini hii ibaki na umeme wake, tayari kusikia. Safari hii waya niliufungia kwenye begi. Mama Kapele akafumbata kihisi mara tano, simu yake ikalia mara tano. Alfajiri akapanda boti bila kuniuliza swali.

Niliporudi nikayatuma marekebisho yale kwa wanaotunza kerneli, na kwenye maelezo nikaandika wazi kwamba kosa lilikuwa langu na nilivyodanganywa na waya. Wakayapokea. Yapo mpaka leo, mwanangu, yakiwa na jina langu mimi, binti wa mtaa wa Chanji, na watu wa dunia nzima wanayasoma. Katika yote niliyoandika, hayo ndiyo najivunia kuliko mengine.

Basi nisikie. Kijaribu kitu chako kama kitakavyoishi, bila waya, bila wewe kando yake. Kikishindwa, usimtafute wa kumsukumia lawama. Sema ni wewe, tena mapema, wakati chanjo bado zina baridi. Mungu akupe mikono tulivu na ulimi usioona haya kukiri, na akukutanishe na Mama Kapele wako ungali kijana.