Njia ya Reli Aliyoiomba Jofrey

Edina Kibona aliolewa Tunduma akitokea Isongole, na kwa miaka michache alijiona ana bahati. Mumewe, Eliudi Simbeye, aliendesha bodaboda pale mpakani. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, wa kurudi nyumbani na mkate wa moto ameuficha ndani ya jaketi. Walipata mtoto mmoja wa kike, Shani.

Mwaka 2010, Shani akiwa bado anatambaa, treni ya mizigo ilimgonga Eliudi nje ya mji, pale barabara ya vumbi inapokata reli. Alikuwa amepakia gunia la mchele wa Kamsamba, na pikipiki ikamzimikia katikati ya reli. Aliyeleta habari nyumbani ni Jofrey, mdogo wake Eliudi. Alifika suruali ikiwa na matope mpaka magotini, akasema alikuwa Vwawa na habari imemkuta njiani.

"Alikuwa peke yake, shemeji," alisema. "Hakuteseka."

Baada ya arobaini Edina alibaki kwa mama mkwe wake, maana hakuwa na pa kwenda na mtoto mgongoni. Jofrey alifungua duka la kompyuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile, kikiangalia barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Edina alitoa fotokopi na kuwachapia mawakala wa forodha. Jofrey, kazi ikipungua, alicheza gemu ya treni.

Katika gemu ile unakaa kwenye kiti cha dereva, unasogeza mpini, unapiga honi, unaangalia saa usichelewe kituoni. Njia zote zilikuwa za nchi za mbali. Jofrey alijua vituo vya miji ambayo hangekanyaga maisha yake yote. Siku moja aligundua kwamba wapenzi wa gemu hiyo wana tovuti yao, na yeyote anaruhusiwa kupendekeza njia mpya. Wakati huo walikuwa wanatafuta njia za treni za wafanyakazi, zile za kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Tunduma haikuwa na treni ya namna hiyo. Iliyokuwepo ilikuwa ya safari ndefu, inapita siku zake na kwenda zake. Lakini Jofrey aliiona kichwani: inaondoka Mbeya kabla ya jua, inapita Mlowo na Vwawa, inafika mpakani geti likifunguliwa, jioni inawarudisha manesi, wachuuzi na mawakala. Akamsimulia Edina, na Edina akaipenda kama kitu cha kweli.

"Isimame na hapo Mpemba," alisema. "Akina mama wa mboga wapandie pale."

Jofrey alicheka, lakini aliandika. Walikaa na kamusi mchana mzima wakitafuta Kiingereza chake.

Majibu yalikuwa machache. Mmoja aliuliza kama huko kuna watu wa kupanda treni. Mwingine alisema njia isiyo na tukio lolote ni dawa ya usingizi. Jofrey aliyasoma akazima kompyuta. Kesho yake akaandika maelezo mengine, marefu zaidi, na safari hii hakumwonyesha Edina.

Haikupita muda, akajibiwa na mzee mmoja mstaafu wa nchi za baridi ambaye starehe yake ilikuwa kutengeneza njia za gemu hiyo. Mzee alisema amevutiwa sana. Aliomba picha za reli nzima ya upande wa Tunduma: madaraja, vilima, mabati ya nyumba, mpaka aina ya majani.

Jofrey aliazima kamera, na Edina akamsindikiza kwa miguu akiwa amembeba Shani. Walipofika pale barabara inapokata reli, Edina alisimama.

"Hapa usipige."

"Nisipopiga hapa reli itakatika, shemeji. Itakuwa na pengo."

Edina aligeuza uso, akaangalia mashamba ya mahindi mpaka kamera ilipoacha kulia.

Njia ilipokuwa tayari, Jofrey aliwaita majirani. Walijaa chumbani mpaka mlangoni. Waliona vilima vya Mbozi, migomba, mibuni, na pale Mpemba wanawake wamesimama na makapu yao wakingoja. Edina alishika mdomo kwa furaha. Jofrey aliisimamisha treni hapohapo, akasema inatosha kwa leo. Edina alidhani shemeji yake anamhurumia, asilione lile eneo lililo mbele.

Tangu hapo duka likawa la vijana waliolipia kuicheza. Edina aliondolewa kwenye fotokopi. Mama mkwe alisema mwanamke hakai katikati ya wahuni, aende sokoni akauze dagaa. Shani akitoka chekechea alikuwa anakaa dukani kwa baba yake mdogo mpaka jua lizame.

Jioni moja Edina alikuwa anamwosha mtoto miguu kwenye beseni.

"Mama, leo nimemgonga yule wa pikipiki. Nimemgonga kuliko hata Osea!"

"Wa pikipiki gani?"

"Wa kwenye gemu ya baba mdogo. Wakanipigia makofi. Wakasema, 'Shani kamgonga baba yake!' Kwa nini wanasema hivyo, mama?"

Edina aliendelea kuosha mguu uleule. Alimkausha, akamvika kandambili, akamwambia aende akale.

Kesho yake hakwenda sokoni. Aliingia dukani vijana wakiwa wamebanana nyuma ya Osea, fundi wa malori, ambaye ndiye alikuwa kwenye kiti. Jofrey alikuwa pembeni anarekebisha printa. Vijana walikuwa wanahesabu kwa sauti, kisha wote kwa pamoja wakapiga kelele, "Kagongwaaa!" na kuangukaanguka kwa kicheko. Hakuna aliyemwona mpaka aliposema, "Osea, niachie kiti."

Vijana waligeuka. Jofrey aliinuka. "Shemeji, hii ni gemu tu."

"Nami nataka kucheza."

"Mwache acheze, bosi," Osea alisema, tabasamu likimrudia. "Mama Shani, huu mpini ni mwendo, huu ni breki. Usiogope, ukifika pale anakuwepo tu mwenyewe."

Edina alianzia Vwawa. Aliendesha taratibu, na vijana wakaanza kuguna.

"Mama, unakwenda kama msafara wa maiti!"

"Abiria watashuka watembee!"

Alipita Mpemba bila kusimama. Alipoona mahindi yale, alivuta breki mpaka mwisho. Treni haikutii mara moja. Ilinguruma, ikaburuzika, ikaburuzika tena, na Edina akawa anasukuma meza kwa mikono yake miwili kana kwamba angeizuia hivyo. Ikasimama. Mbele yake, karibu kabisa, palikuwa na pikipiki nyekundu juu ya reli na gunia limefungwa nyuma.

Juu ya pikipiki walikuwa wanaume wawili.

Wa nyuma aliruka chini, akakimbia, akajitupa kwenye mtaro wa matope kando ya reli, akalala humo. Wa mbele naye aliruka, akakimbia hatua chache, kisha akageuka. Akamnyooshea mkono yule wa mtaroni, kama anayeita msaada. Wa mtaroni hakuinuka. Wa mbele akairudia pikipiki peke yake, akaanza kuivuta.

Kawaida treni ilimkuta hapo. Safari hii haikuja, kwa hiyo mtu yule aliendelea tu kuvuta. Alivuta na kuvuta, pikipiki haisogei, kwa sababu hakuna aliyemtengenezea lingine la kufanya.

Kompyuta ililia. Osea akasoma maandishi, akatafsiri akicheka, "Umeshindwa, mama! Umechelewesha abiria."

"Huyu wa mtaroni ni nani?" Edina aliuliza.

"Huyo mwoga," alisema kijana mmoja. "Huyo siku zote anakimbia tu."

Jofrey alichomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Nendeni nje," aliwaambia vijana, na kwa sauti aliyoitoa walikwenda.

Edina hakugeuka. "Uliniambia ulikuwa Vwawa."

"Alinichukua nimshikie gunia." Jofrey alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Nilimwambia aiache, shemeji. Ilikuwa pikipiki ya watu, akaogopa kuilipa. Akaniita. Miguu ilikataa."

"Miaka yote hii hukusema kwa mama yako, hukusema kwangu. Ukamwambia mzungu."

"Yeye hanijui. Kule walisema njia yetu haina tukio lolote, nikajikuta naandika. Sikujua kama atamweka."

"Lakini alipomweka ukafungua mlango, ukawauzia wahuni wamgonge. Ukamkalisha mwanawe."

Jofrey akatafuta neno la kuumiza. "Kwa hiyo ulitaka nife mimi? Ungefurahi?"

"Ndiyo," Edina alisema.

Neno hilo ndilo Jofrey alilolipeleka kwa mama yake, peke yake, bila mengine yaliyolitangulia. Bibi yule alikuwa amezika mtoto mmoja, na sasa anaambiwa mkwe amemtakia kifo wa pili. Hakuuliza chochote. Alitoa vitu vya Edina nje, mbele ya wateja.

"Rudi kwenu Isongole. Mtoto ni wa Simbeye, anabaki."

Edina alijaribu kueleza, akiwa amepiga magoti pale barazani, kwamba Jofrey alikuwepo. Jofrey alisimama mlangoni. Alisema, "Mama, huyu uchungu umemchanganya." Shani alimshika baba yake mdogo mguu, akalia, akachungulia.

Isongole, Edina alilima ndizi na kuvusha unga na sabuni upande wa Malawi. Kila alipokwenda Tunduma kumwona mwanawe aliambiwa yuko shule au amelala. Alimwomba Priska, mchapaji wa duka jingine pale mjini, amwandikie yule mzee wa mbali. Mzee alijibu kwa adabu. Alisikitika sana. Alisema Jofrey alimwambia familia imeridhia, na hata jina la Edina aliliweka kwenye shukrani kwa kuwa alisaidia kupiga picha. Aliahidi kumtoa mtu wa pikipiki kwenye njia yake, ila waliokwisha kuichukua wanayo, na hao hawezi kuwafikia.

Mwaka 2015 vijana walikuwa na gemu kwenye simu zao. Jofrey alifunga duka, akahamia Zambia. Bibi, magoti yakiwa yamechoka, alimrudisha Shani kwa lori la mahindi pamoja na mfuko wa nguo zilizokuwa fupi tayari. Mtoto alishuka, akamwamkia mama yake kama mtu anayemwamkia mwenye nyumba.

Wiki ya kwanza hakuzungumza mengi. Siku ya Jumapili walikuwa jikoni wanamenya ndizi.

"Yule wa pikipiki alikuwa baba kweli?" Shani aliuliza.

"Ndiyo."

"Na yule wa mtaroni?"

"Baba yako mdogo."

Shani alimenya ndizi nyingine mpaka ikaisha. "Mimi nilikuwa namcheka wa mtaroni," alisema. "Baba mdogo alikuwa anacheka na mimi."

Akachukua maganda, akaenda kuyamwaga kwa mbuzi.