Galoni ya Nani?

Nakumbuka miaka ile ya elfu mbili, mwanangu, nilipokuwa nikiuza mapipa na mitungi katika duka la Mzee Surjit, katikati ya jiji. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, Jaspal, aliishi Marekani, na kila Jumapili alimpigia baba yake simu nyumbani Westlands. Zaidi ya simu hiyo, mzee hakuwa na mtu.

Siku moja Jaspal akatutumia mapipa ya sabuni ya maji, kila moja limeandikwa galoni hamsini na tano. Mzee alizoea galoni ya Mwingereza tangu utotoni. Akahesabu lita nne na nusu kwa galoni, akamwahidi mteja karibu lita mia mbili na hamsini kwa pipa. Tulipopima tukapata mia mbili na nane. Tukarudia, zikawa zilezile.

Mteja aliondoka kwa hasira. Mzee akampigia mwanawe palepale kaunta. Walisema Kipunjabi, sikuelewa. Nilisikia tu sauti yake ikipanda.

"Mimi nimeambia Jaspal yeye ni mwizi," akaniambia alipokata simu.

Nikarudi kwenye mapipa. Nilikuwa mwajiriwa, na hasira ya mzazi kwa mwanawe haina mlango wa mtu wa nje kupitia.

Wiki iliyofuata akaja wakala anayetutolea mizigo bandarini. Akatazama pipa, akasema, "Mzee, hii ni galoni ya Marekani. Ni ndogo, haifiki lita nne."

"Kwani galoni iko mbili?"

"Ziko mbili, Mzee."

Akaketi taratibu. Kisha akampigia mwanawe simu. Ikalia hadi ikakatika.

Jumapili zikapita bila simu. Aliacha hata kwenda hekaluni, asije akapigiwa akiwa hayupo. Nikitoka kwangu Dagoretti Corner kumpelekea chapati, nilimkuta sebuleni peke yake, redio imezimwa, chai imepoa.

Jaspal alipiga simu mwaka ukielekea kuisha. Alisamehe, na mzee akalia. Lakini mazoea yalikuwa yamekatika. Tangu hapo alipiga simu siku za sikukuu tu, hadi mzee alipofariki.

Mwanangu, hasira hasara. Hesabu ya mwenzako ikipishana na yako, muulize kwanza anapima kwa kipimo gani, kabla hujampa jina baya. Kuuliza si ujinga, na neno likishatoka halirudi, hata ukilikimbilia.

Mungu akupe ulimi mzito na sikio jepesi, na uzee wako akaujalie nyumba yenye watu.