Aliyepiga kwa Sifuri Mbili

Sikuombi uniamini. Ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningeshika mfuko wangu kwanza kuona kama simu bado ipo. Ndivyo nilivyo. Nimezaliwa Magomeni, nimekulia Kariakoo, na mtu akinisalimia vizuri mno huwa najiuliza anataka nini. Lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yangu ni kufunga simu za intaneti kwenye maduka ya jumla. Duka linakuwa na namba moja, wateja wanapiga, mtambo unapokea na kuwagawia wauzaji. Shida ni namba za hao wateja. Ya huyu inaingia ikianza na sifuri, ya yule na 255, ya mwingine na alama ya kujumlisha. Ukiuacha mtambo hivyo hivyo, mteja mmoja unamwona kama watu watatu. Kwa hiyo nikaandika kanuni: namba ikianza na sifuri, itoe hiyo sifuri, weka 255. Ikizidi urefu au ikipungua, ikatae, maana matapeli wa mjini wanapenda namba za ajabu ajabu. Anayekataliwa anasikia, "Samahani, namba yako haitambuliki." Sauti ni yangu. Niliirekodi mwenyewe, na nilijiona mjanja kweli.

Mtambo huo niliufunga kwa Mama Neema, Mchaga mmoja mwenye duka la vitenge, mcheshi ajabu. Wiki ninayoisema hakuwa na utani hata kidogo. Mdogo wake, Elia, alikuwa amepeleka mzigo Lubumbashi, kule Kongo, na siku ya sita hiyo hana habari zake. Simu yake haipatikani.

"Fundi, una hakika huo mtambo wako hauzuii simu?" aliniuliza.

"Mama, angepiga tungemwona."

Nilijibu bila hata kuangalia. Ndiyo, bila kuangalia.

Jumanne alasiri nilikuwa kaunta peke yangu nikiunganisha simu mbili mpya. Mama Neema alikuwa ameenda Buguruni kuwauliza madereva wa malori. Akaingia kijana amevaa koti zito la baridi, amelifunga mpaka shingoni. Nani anavaa koti Kariakoo, kwa joto lile? Mwizi, nikajijibu, ataficha vitenge humo ndani. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Alisimama katikati ya njia, wapagazi wakapita na marobota, na hakuna hata mmoja aliyempigia kelele apishe.

"Mambo?" nikamwambia.

Alisikiliza tu, kisha akasema, "Kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe ndiye unayeniambia namba yangu haitambuliki. Nimepiga mara kumi, kila mara ni wewe."

Nilijichekesha. Aliyepiga dukani ameisikia sauti yangu, kuna ajabu gani?

"Mwambie dada Anna anifuate kabla ya Alhamisi," akasema. "Wasinilaze kwa watu nisiowajua."

"Hapa hakuna Anna."

"Yupo."

Hapo nikamaliza hesabu zangu. Tapeli. Leo ni nifuate, kesho ni nitumie nauli. Tena hata jina la mwenye duka halijui! "Kaka, toka," nikamwambia. "Hizo janja nenda nazo stendi."

Alinitazama kama mtu aliyepanga foleni kutwa nzima akafungiwa dirisha usoni. Akatoka. Nikamfuata mlangoni nihakikishe, lakini sikumwona upande wowote. Na sakafuni, niamini, hapakuwa na hata chembe ya lile vumbi jekundu.

Sikumwambia mtu. Mama Neema alirudi macho yamemvimba, nikaona nisimwongezee balaa la matapeli. Siku mbili zilizofuata nilikuwa na kazi Upanga.

Ijumaa asubuhi nilirudi dukani, nikakuta shemeji yake amekuja kutoka Moshi kumfariji. "Jipe moyo, Anna," akamwambia.

Nikamgeukia. "Mama Neema, kumbe unaitwa Anna?"

"Jina langu la ubatizo. Wa nyumbani tu ndio wananiita hivyo. Kwani vipi?"

Nilifungua orodha ya simu zilizokataliwa, orodha ambayo sikuwa nimeigusa tangu nifunge mtambo. Zilikuwa kumi na moja, zote za namba moja ya Kongo. Ilikuwa imeingia ikianza na sifuri mbili, kama wengi wanavyopiga kutoka nje. Kanuni yangu ikang'oa sifuri ya kwanza, ikabandika 255, ikapata namba ndefu isiyo ya mtu yeyote, kisha ikaikataa. Kumi zilipigwa Jumamosi na Jumapili. Ya mwisho ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa hiyo hiyo yule wa koti alikuwa mbele yangu.

Nikapiga. Akapokea muuguzi wa hospitali moja ya huko. Alisema simu ni yake, alimwazima Elia, aliyekuwa amelazwa hapo, kwa kuwa simu ya Elia iliibwa pamoja na begi, na namba pekee aliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa ya duka. Elia alifariki Jumatatu asubuhi.

"Tulingojea ndugu zake, hakuna mutu aliyekuja," akasema. "Jana tukamuzika."

"Na Jumanne nani alitumia simu yako?"

"Hakuna mutu."

Nilimweleza Mama Neema kosa la kanuni yangu, na nililia mbele yake bila aibu. Habari za Jumanne sikumwambia. Ningemwambiaje? Jumanne mdogo wake alikuwa bado mochwari, na simu moja tu ingetosha kuwazuia wasimzike. Kwao mtu analazwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake. Elia amelala kwa watu asiowajua.

Mama Neema alisafiri hadi Lubumbashi, akarudi na udongo wa kaburi kwenye kitambaa. Tuliufukia Moshi. Sebuleni kwa wazazi wao palikuwa na picha ya Elia, na sura ilikuwa ile ile ya yule wa koti. Mama yake Elia alinishika mikono yote miwili. "Ahsante, baba," akaniambia. "Bila wewe tusingejua mwanangu yuko wapi."

Nikaitikia, "Pole, mama." Basi.

Mitambo yote niliyowahi kufunga nimeirekebisha, na orodha za waliokataliwa nazisoma kila asubuhi. Nawe nakuonya: akikujia mtu na ujumbe usiouelewa, mshuku utakavyo, hata mimi bado nashuku, lakini ufikishe kwanza kwa mwenyewe. Yeye ndiye ataamua kama ni uongo.

Yule mama yake Elia hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani, aniombee baraka. Napokea. Bado sijamwambia.