Mkoba wa Kilo Kumi na Tano

Shirika lililoniajiri Goma lilikuwa na imani moja kubwa: kwamba binadamu anaweza kukimbia vita akiwa na kilo kumi na tano tu. Kila mgeni alipewa mkoba wa mgongoni pamoja na orodha ya vitu vya kutia ndani: pasipoti, maji, tochi, vidonge, nguo za siku mbili. Kila baada ya miezi mitatu afisa usalama alikuja na mizani, akatupimia mikoba yetu mmoja mmoja kama magunia ya viazi. Mimi Mtanzania wa Tabora, niliyezoea kusafiri na mizigo ya ukoo mzima, nilifaulu kila mara, na nikawa najivunia.

Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa ya usalama kwa ajili ya wakubwa walioko Ulaya. Kila asubuhi niliandika kwamba hali ni shwari lakini tete. Wakipigana Rutshuru, shwari lakini tete. Wakimbizi wakijaza maturubai yao kutoka Lac Vert hadi Sake, shwari lakini tete. Mataifa makubwa nayo yalieleza wasiwasi wao mkubwa, kisha yakaenda kula chakula cha mchana. Naandika haya kwa hasira, lakini mshahara niliupokea.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Butembo, mjane, muuza maharagwe aliyoyaleta kutoka Kiwanja. Nyumba ya matofali alinipangisha mimi. Yeye na binti yake waliishi ubavuni mwangu katika nyumba ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano. Siku moja aliukuta mkoba wangu umefunguliwa barazani.

"Papa, weye unakimbiaka na nini?"

Nikamwonyesha kitu kimoja kimoja. Alipoona nimemaliza, akachungulia nyuma ya mlango.

"Na matela?"

Nikamweleza kwamba godoro halimo katika orodha. Akanitazama kwa huruma. Goma godoro ndilo hutangulia kichwani, mengine hufuata. Mtu akikimbia bila godoro, watu huuliza kama amegombana na mkewe.

Lakini yeye mwenyewe godoro lilimponza. Volkano ilipomwaga moto mjini, alilitwika akavuka nalo hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, na diploma yake ya ualimu akaiacha ndani ya sanduku. Nyumba iliungua na sanduku lake. Hakuna shule iliyomtaka mwalimu asiye na karatasi, na nakala ilipaswa kutafutwa Kinshasa, ambako ni mbali kuliko Ulaya kama huna mtu.

"Ile matela ilishaoza," aliniambia. "Na miye niko nauzisha maharagi."

Mwaka niliopanga kwake vita vilisogea hadi tukaanza kuisikia mizinga tukiwa mezani. Asubuhi moja ikaja amri: wageni wote wavuke kwenda Rwanda kabla ya saa sita mchana. Wafanyakazi Wakongomani wangebaki "kuendeleza shughuli". Sentensi hiyo niliihariri mimi mwenyewe.

Nikiwa nafunga mkoba, mama akaingia na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na diploma ya binti yake ya kumaliza sekondari, aliyoipata mwaka huohuo na ambayo bila hiyo asingepokewa chuo cha uuguzi Bukavu.

"Siye tukikimbia ni kwa miguu," alisema. "Mvua itanyesha, batu watatunyanganya vitu kwa barabara. Weye utaenda na gari. Tia hii ndani, papa."

"Na nyinyi?"

"Siye tuko."

Kanuni zilikataza kubeba mali ya mtu asiye wa shirika. Bahasha haikuwa na uzito wowote, ila ilihitaji kulala bila kukunjwa. Nikatoa kitabu kinene cha usuluhishi wa migogoro, ambacho sikuwa nimefika ukurasa wa ishirini, nikailaza mahali pake.

Mpakani, ofisa wa forodha aliiruka pasipoti, akaichomoa bahasha na kulitazama jina lililo kwenye diploma.

"Weye njo huyu mutoto mwanamuke?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Ni ya binti wa jirani yangu. Mama yake amenikabidhi." Nyuma yangu afisa usalama wetu akaanza kukohoa.

Ofisa alisoma polepole, mizinga ikilia upande wa Sake na foleni ikirefuka. Akafika kwenye asilimia.

"Cinquante-huit," alisema, yaani hamsini na nane, ambayo kwao si haba. "Huyu mutoto alisoma."

Akaipangusa kwa mkono wa shati, akairudisha mwenyewe ndani ya mkoba, taratibu, isije ikakunjika. Pasipoti, tochi na soksi zangu aliniachia mezani nizipange.

Gisenyi tulikaa wiki tano katika hoteli ya ufukweni. Nilikula samaki, nikautazama moshi wa Goma, nikaandika kwamba hali ni shwari lakini tete. Kila nilipoifungua bahasha kuhakikisha haijapata unyevu, niliona aibu, maana nilikuwa nimeiokoa karatasi na kuwaacha wenyewe.

Niliporudi, binti alikuwa anasugua sufuria nje. Nilisimama getini mpaka nikamwona na mama akitoka ndani. Wote wawili walikuwa wamekonda. Walikuwa wamelala siku tisa kwenye sakafu ya parokia, na godoro lao liliporwa njiani.

Nikampa mama bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua, akamwonyesha binti yake, naye akalifuatisha jina lake kwa kidole hadi mwisho. Kisha mama akaifunga vizuri na kunirudishia.

"Uichunge weye, papa."

"Lakini ni yake, mama. Chuo kitafunguliwa."

"Siku kitafungua, tutakuja kuichukua. Siye tunabakiaka hapa. Weye njo unakimbiaka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayepanga nani atachota maji na nani atawasha moto. Nikaingia ndani, nikaufungua mkoba, nikailaza bahasha pale palipokuwa na kitabu.